Zunguka Mbele

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wachache, si wa kujivunia, na mmoja wao alikuwa jike mweusi aliyevunjika pembe. Mwaka mmoja fisi walizoea kutuingilia zizini kwa upande wa mlango, kwa sababu mlango ulitazama korongo, na korongo ndiyo barabara ya fisi. Baba akaona dawa ni kuuhamisha. Akauziba kwa miiba, akafungua mwingine upande wa nyumba, karibu na tulipolala. Jioni ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakaenda moja kwa moja mpaka pale palipokuwa na mlango wa zamani, wakasimama wanaitazama miiba. Tukawachapa, tukawasukuma, wakazunguka. Kesho yake wakasimama tena palepale. Baadaye wakazoea, isipokuwa yule mweusi. Yeye alisimama kwenye miiba mpaka wenzake wote waingie, mpaka giza, mpaka mama alalamike kwamba watoto wanalala bila maziwa. Baba alimpiga, akambembeleza, akamwekea pumba mlango mpya. Wapi. Siku moja nikamkuta baba anaiondoa ile miiba kwa fimbo, hasemi na mtu, anaufungua mlango wa zamani.

Nikamwuliza, "Baba, na fisi je?"

Akasema, "Fisi tutapigana naye. Huyu simuwezi."

Juzi nilimkumbuka yule ng'ombe nikiwa nimekaa hapa kwangu Mkonze, Dodoma, natazama upande wa pili wa ua wangu wa minyaa, kwenye ile nyumba iliyofungwa. Uzee ndivyo ulivyo, unatafuta kitu kimoja unaokota kingine. Nilitaka kueleza habari za jirani yangu, stesheni masta, nikajikuta niko zizini kwa baba. Basi acha wakae pamoja. Nadhani wangeelewana, yeye na yule ng'ombe.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo sikumwuliza. Huku tulihamia wengi, na mtu ukimchimba sana asili yake anadhani unamtafutia posa. Ninachojua ni kwamba alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na stesheni aliyokaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa Gulwe, kule Mpwapwa, mahali ambapo mto ukifurika unaibeba reli na kwenda nayo. Alipostaafu akanunua kiwanja hapa, wakati huo Mkonze bado ni mashamba ya mtama na karanga, nyumba moja kule, nyingine kule. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na mlango wa mbele akauelekeza bondeni. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, huko bondeni ndiko ilikopita njia ya watu. Ya pili aliniambia baadaye sana, kama anayeona aibu: ukikaa kwenye kibaraza kile, upepo ukiwa mzuri, unasikia treni.

Kisha wakaja wapima viwanja. Siwasemi vibaya, walipima kwa haki na kila mtu alipata chake. Ila barabara ya mtaa ikapita juu, mgongoni mwa nyumba yake, na ile njia ya bondeni ikamezwa na viwanja vya watu, ikafa. Nyumba ya stesheni masta ikawa imeupa mtaa kisogo. Ukiingia getini kwake kutoka barabarani, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni mlango wa jikoni na masufuria yaliyoanikwa, na mkono wa kushoto ni choo. Mlango wa mbele uko kule chini, upande wa pili. Ili uufikie lazima uizunguke nyumba nzima.

Tulikuwa wengi tuliokutwa na hayo. Wengine tulifanya jambo jepesi tu, tukageuza jikoni kuwa sebule, sebule ikawa chumba cha kulala, maisha yakaendelea. Mimi kwangu mtu anaingia popote anapotokea, hata kuku wanajua. Yeye hakukubali.

"Nyumba ina mbele yake," alisema. "Barabara ndiyo iliyokosea. Nyumba haiwezi kugeuza shingo kama mtu aliyeitwa."

Basi ukibisha mlango wa jikoni, sauti inatoka ndani: "Zunguka mbele!" Hata kama anakuona dirishani, hata kama mkono wako ungefika ukamshika bega, utazunguka. Muuza maziwa alizunguka. Fundi umeme alizunguka na ngazi yake begani. Siku ya ibada ya nyumba kwa nyumba mchungaji alizunguka na kwaya nzima nyuma yake, wanaimba, na pale ukuta wa nyumba unapokaribiana na minyaa yangu wakabanana, mama mmoja wa sauti ya kwanza akanasa gauni, wimbo ukakatikia katikati. Watoto wa mtaa walipomwona barabarani walipiga kelele, "Zunguka mbele!" Naye aliwagusia kofia, kwa heshima kabisa, kama amesalimiwa shikamoo.

Usidhani alikuwa mtu wa roho mbaya. Mke wangu aliumwa na nge siku moja, mguu ukavimba palepale, nikakimbilia kwake kuomba baiskeli ya kumbebea hospitali. Nikagonga mlango wa jikoni kwa ngumi zote mbili. "Zunguka mbele!" Nami nikazunguka nikikimbia, namtukana moyoni matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kumbe naye alishasikia sauti yangu ikoje, katoka mlango wa mbele anakimbia kunifuata. Tukagongana konani, paji kwa paji. Akaanguka, kofia kule, akasema akiwa bado chini, "Baiskeli iko kibarazani, ichukue. Mimi namfuata daktari kwa miguu." Na alimfuata. Alikwenda mbio na viatu vyake vya kung'arisha, katika lile jua, na daktari akaja, tukakutana naye njiani. Mke wangu mpaka leo ukimsema vibaya stesheni masta anakunyima ugali. Lakini mlango wa jikoni hakuufungua, hata siku ile.

Viatu vyake ni habari nyingine. Dodoma hii, na vumbi hili, na upepo huu unaokuamsha mdomo umejaa mchanga, mtu anang'arisha viatu kila asubuhi, avae kwenda wapi? Kibarazani. Na alipenda chokaa kupita kiasi. Alipaka mashina ya mipapai, akapaka pipa la maji, akapaka jiwe ambalo mama wa nyumba aliegeshea mlango. Alisema kule stesheni mgeni akishuka kwenye treni usiku, hana taa, hajui pa kwenda, anaona mawe meupe pande mbili, anayafuata, anafika. "Mgeni hasumbuki kuuliza," alisema. "Mawe yanamjibu."

Akija kwangu hakubisha hodi kama watu. Alisimama kwenye uwazi wa minyaa na kusema, "Laini klia?" Ni lugha yao ya reli, maana yake njia haina kitu, treni inaweza kuja. Mimi nilipaswa kujibu, "Klia, Masta." Nikijibu "karibu" tu, alibaki amesimama. Mwanzoni nilicheka. Baadaye, niseme kweli, nilichoka, kwa sababu alikuja kila siku, na akishaingia hakuwa na maneno. Anakaa, anapewa karanga, anatazama mbele. Mtu aliyewafokea watu wote wazunguke waje kwake kwa heshima, ukishafika huko mbele alikuwa hana la kukuambia. Mke wake ndiye aliyezungumza na wageni. Yeye alikuwa ameshamaliza kazi yake: umeingia kwa mlango unaostahili.

Na mtu wa reli unategemea atakuwa na saa. Hakuwa nayo. Alisema alipostaafu aliivua akaiweka, maana zamu si yake tena.

Mke wake tulimwita Mama Neema, kwa jina la binti yao ambaye ameolewa Msalato. Mwanamke mkubwa, mcheshi, magoti mabovu. Magoti yale ndiyo kisa chote hiki, ingawa ilituchukua muda kulijua hilo. Kuzunguka nyumba kwenda mlango wa mbele, kwenye mteremko, kwenye mawe yasiyopangwa, ilikuwa adhabu kwake. Yeye naye alizunguka. Mumewe alikwisha sema mlango wa jikoni ni wa moshi na maji machafu, si wa mama mwenye nyumba kuingilia kama mtu aliyekuja kuiba chumvi.

"Nitakutengenezea njia," alimwambia mbele yetu. "Kutoka getini mpaka kibarazani. Ya kokoto, mawe meupe pande mbili. Utatembea kama bibi harusi."

"Lini, Baba Neema?"

"Naipanga."

Aliipanga. Ee, aliipanga! Nimeona watu wakipanga harusi, nimeona watu wakipanga kuhama nchi, sijaona mtu aliyepanga kitu kama yule mzee alivyoipanga njia ya nyumbani kwake. Kila asubuhi, viatu vikishang'aa, anachukua majivu ya jikoni kwenye kopo na kuchora njia chini kwa majivu. Anakwenda getini, anaingia kama mgeni, anaifuata, anasimama, anatikisa kichwa. Inapita karibu na choo, mgeni atanusa. Anaifuta kwa kiatu. Anachora nyingine upande wa pili, kwenye minyaa yangu. Hapo ni pembamba, watu wawili hawapiti sambamba. Anaifuta. Kuku wakimtangulia kuifuta anawatimua kwa kofia. Mke wangu alichungulia kwenye minyaa na kuniambia, "Kamtazame mwenzio, anapitisha treni uani."

Ukiacha choo na minyaa, kulikuwa na maji. Yule bwana aliogopa maji kuliko simba. Alituhadithia jinsi alivyoamka asubuhi moja kule Gulwe akakuta reli inaning'inia hewani, mataruma yake yanabembea kama ngazi ya kamba, na udongo wote wa chini haupo. "Usiku ilikuwa reli," alisema, "asubuhi kamba ya kuanikia nguo." Tangu hapo hakuamini ardhi yoyote mpaka aione imenyeshewa. Kwa hiyo alisema hawezi kuweka jiwe hata moja mpaka mvua inyeshe aone maji yanapita wapi uani kwake. Ni maneno ya akili, sikatai. Lakini hii ni Dodoma. Mwaka ule mvua ilikuja kidogo, ikalowesha vumbi, ikaondoka, mtama ukakauka umefika magotini. Sisi tunalia njaa, stesheni masta kasimama uani na mwavuli anatazama chini.

Nikamwuliza, "Umeyaona maji?"

"Mwaka huu haukunionyesha kitu," akasema. "Tungoje mwingine."

Mama Neema alikuwa amekaa kibarazani, mguu kaunyosha juu ya kigoda. Akasema polepole, bila hasira, "Wewe unaingoja mvua uitengeneze njia. Mimi naiogopa mvua kwa sababu njia haipo. Baba Neema, sikia. Mvua ya kweli ikinikuta hivi, naenda zangu kwa mwanangu Msalato. Sitanii."

Akajibu, "Naipanga, mama."

Nilijaribu kusaidia. Nilimwambia, "Masta, mimi nina kiwanja kikubwa nisichokilima. Nikate minyaa upande huu, nisogee ndani, upate nafasi pana ya kupitisha njia yako, choo kibaki huko kilipo." Nilikuwa na panga mkononi tayari. Akanishika mkono.

"Usikate, jirani. Mgeni wangu aingie kwangu kwa kukanyaga kwako? Basi atakuwa amekuja kwako."

"Ni hatua mbili tatu tu!"

"Hata kama ni unyayo."

Mke wangu alikuwa anasikia. Akasema kwa sauti, makusudi, "Mwache bwana. Wengine wanapenda kupanga kuliko kufika." Stesheni masta akamgusia kofia.

Mvua ya kweli ikaja mwaka uliofuata, na ikaja kama watu wasiojua adabu, mchana, mara moja. Barabara ya juu ikageuka mto, maji yakaingia getini kwake bila kuulizwa, yakapita pande zote mbili za nyumba. Yeye alikuwa ametoka na mwavuli, anashangilia. Nilimwona kwa macho yangu, anaonyesha kwa kidole, "Unaona! Unaona yanapokata!" Kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Wakati huohuo Mama Neema alikuwa anarudi kutoka kanisani. Alipita getini, akautazama mlango wa jikoni uliokuwa hapo hapo mbele ya pua yake, kisha akaanza kuzunguka. Alianguka pale penye ukuta na minyaa. Sikusikia kelele, nilisikia kishindo tu, na halafu sauti yake ikisema kwa utulivu kabisa, "Haya. Haya basi. Nimekaa."

Tulimwinua mimi na mumewe. Mvua inatupiga, matope mpaka kiunoni, yule mama mzito, sisi wazee wawili tunahema. Nikasema, "Tumpitishe jikoni, ni karibu." Stesheni masta akautazama ule mlango. Mama Neema ndiye aliyesema, "Hapana. Tumeshafika nusu." Tukazunguka naye.

Neema akaja kumchukua na bajaji mvua ilipokatika. Mama mtu akiwa ameshakaa ndani, vitu vyake kwenye kikapu miguuni, akamwita mumewe.

"Nitarudi njia ikiisha."

"Itaisha," akasema. "Sasa nimeyaona maji."

Basi ndipo nilipomjua mtu yule upya. Aliyekuwa anachora na kufuta sasa alifanya kazi kama anafukuzwa. Kiangazi chote. Na unajua alifanya nini kwanza? Alihamisha choo. Mlango wa jikoni upo, una bawaba, unafunguka vizuri, hatua chache kutoka getini, lakini yeye aliona ni rahisi zaidi kuchimba shimo jipya la choo kwenye kona ya mbali ya kiwanja, katika ardhi hii yetu ambayo sururu inaruka ukiipiga, akajenga choo kipya, akafukia cha zamani. Niliposhindwa kuvumilia kumtazama nilikwenda kumsaidia kutoa udongo. Alikuwa amekonda. Alikula viazi vya kuchemsha na chai, na mke wangu akimpelekea mlenda na ugali anazunguka nao mbele, kwa hiari yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Nilimwambia, "Masta, unaonaje ukimpigia simu arudi tu, utamalizia akiwa hapa?"

"Nilimwambia itaisha."

Kisha akaleta mawe. Aliyachagua moja moja kule mlimani, akayapanga kwa kamba na vigingi, akayapaka chokaa. Katikati akamwaga kokoto, akazishindilia kwa gogo. Na maji aliyatengenezea mfereji wake pembeni, yapite yasimguse mtu. Siwezi kusema uongo, ilikuwa njia nzuri kuliko zote mtaani. Jioni jua likishuka, yale mawe yanawaka. Watu walisimama barabarani kuitazama. Ilianza getini, ikaenda kushoto, ikapita mbali kabisa na pale palipokuwa na choo, ikafika karibu na mpaka wa chini, ndipo ikaanza kurudi taratibu, taratibu, mpaka kibarazani. Kona moja tu, kubwa, laini, bila kuvunjika popote. Niliitazama nikaona kuna kitu kinanitatiza, lakini mimi nimeishia darasa la nne, nikadhani ni macho yangu.

Siku aliyorudi Mama Neema, mumewe alikuwa amesimama getini tangu asubuhi, kofia kichwani, viatu kama kioo. Bajaji ilipotokea akainua mkono juu, hivi, akaushusha polepole, kama anavyopokelewa dereva wa treni. Mimi na mke wangu tulikuwa kwenye minyaa. Hatukujificha, tulitazama waziwazi.

Mama Neema akashuka kwa fimbo. Alikuwa amepungua. Neema akamshika kiwiko, akasema chini chini lakini tukamsikia, "Mama, pita hapa jikoni, utakaa mapema."

"Nyamaza wewe. Baba yako ametengeneza."

Akaingia kwenye njia. Mumewe akawa kando yake, si mbele wala nyuma. Akaenda. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Alisifia mawe. Alisifia mfereji. Walipofika upande wa kushoto akanyamaza kusifia. Waliposhuka kule mpaka wa chini, nyumba iko mbali nao, kibaraza bado hakijaanza kukaribia, akasimama. Akapumua. Akaangalia mbele, njia inavyojikunja kwa upole inarudi. Kisha akajishusha, akakaa juu ya jiwe jeupe.

"Baba Neema," akasema, "mimi si treni."

Hakuna aliyecheka. Hata mke wangu, ambaye hucheka msibani. Na mimi ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanitatiza siku zote zile. Yule bwana maisha yake yote alikuwa ameishi na kitu kisichoweza kukata kona. Alipoambiwa apinde njia kuizunguka nyumba, mkono wake uliipinda kwa namna pekee aliyoijua, pana, ya kupitisha mabehewa.

Alijaribu kueleza. Alisema kona kali ni mbaya, kona kali inatupa behewa nje. Sauti ikawa inaisha.

"Najua," mama akasema. "Ni nzuri. Sijaona nzuri kama hii. Nipe bega."

Akampa bega. Walimaliza ile njia yote mpaka kibarazani, polepole sana, na mama akaingia ndani kwa mlango wa mbele, na kitenge chake nyuma kilikuwa na duara jeupe la chokaa.

Tulikula mchana wote watano, maana mimi niliitwa, na mke wangu alikuwa amepika. Mama Neema alichekesha watu kama zamani. Jua lilipopoa Neema akasema bajaji imerudi. Mama akamgeukia mumewe.

"Nilisema nitarudi njia ikiisha. Nimekuja, nimeipita yote, umeona. Lakini siwezi kuidanganya miguu. Kule kwa Neema geti na mlango vinatazamana. Na hospitali wananipeleka." Akangoja. "Njoo na wewe."

"Na nyumba?"

"Nyumba ina mbele yake. Haiendi popote."

Mama akainuka, akaenda jikoni kwa fimbo yake, akasimama mbele ya ule mlango. Akaufungua. Geti lilionekana pale pale, na bajaji, na dereva anakula muwa. Hakutoka. Aligeuka na kuuliza, na ilikuwa ni kuomba kweli, si kejeli, "Baba Neema, nipite hapa?"

Stesheni masta alikuwa anaangalia ukuta.

"Pita," akasema.

Sijawahi kusikia neno dogo limechoka vile. Mama akapita. Hatua chache tu, akawa ameshakaa kwenye bajaji. Ilikuwa rahisi mno, ndilo lililouma. Ningekuwa yeye ningetamani hata ajikwae kidogo.

Baada ya hapo hakuja kwangu kwa muda. Nilimwona kibarazani asubuhi na jioni. Mabuzi ya mtu yaliingia siku moja yakalala juu ya kokoto, naye hakuyafukuza, akayatazama tu. Mke wangu aliniambia niende nikae naye. Nilikwenda, nikazunguka kwa njia ile yote, na kweli ni ndefu, hata mimi goti lilinigonga. Nikakaa. Upepo ulikuwa mzuri, treni ikapita mbali huko. Nikamwambia, "Hiyo hapo." Akasema, "Imechelewa." Basi, ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, nakata majani ya mbuzi kwenye minyaa. Nikasikia bawaba inalia. Nikainua kichwa, nikamwona anatoka kwa mlango wa jikoni. Miaka yote tuliyokaa jirani sikuwahi kumwona akitokea pale, na kwa kweli hakuonekana vizuri, aliinama kama mlango ni mfupi, na si mfupi. Alikuwa na begi dogo na kofia yake. Viatu havikung'aa. Akafunga kufuli, akaujaribu mlango kwa bega.

"Masta," nikamwita, "kwema?"

"Kwema, jirani. Naelekea Msalato."

"Kumwona mama?"

"Kukaa."

Nikasema la kijinga. "Na chokaa je? Mvua ikija itafutika yote."

"Itafutika," akasema.

Akatembea kutoka mlangoni mpaka getini, moja kwa moja, hatua zilezile chache za mke wake. Hakuyatazama mawe. Getini akasimama, akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule, ingawa hapakuwa na hata baiskeli. Nikajua anangoja nini, ingawa hakugeuka.

"Laini klia?" akauliza.

"Klia, Masta."

Akaenda. Hakurudi tena.